Furushi ya Ramazani Iko Bado Juu ya Moto

Papa,

Ni mimi Veronika, mutoto wako ule wa woga. Nimekaa karibu na moto, mvua ya mchana inapiga manyasi ya nyumba, na karatasi hii nimeipasua katikati ya kaye ya masomo ya Polo. Ameniuliza: "Mama, unamuandikia nani?" Nikamuambia, babu yako. "Babu hakujua kusoma." Nikamujibu, hakujua wakati alikuwa huku na kazi nyingi. Huko aliko sasa iko na nafasi ya kujifunza.

Na mimi mwenyewe najua kidogo tu, ile ya katekisimu, herufi kubwa kama maharage. Ukikuta kosa, ruka.

Papa, uko na baridi? Tulikuzika ku Itebero na blanketi moja. Mimi nilisema mbili. Kaka Tomasi akasema moja inatosha, muntu aliyekufa hasikii baridi. Nani alimuambia? Tangu siku ile, mvua ikianza, nawaza ile blanketi ya pili. Iko mu sanduku yangu. Sijamufunika nayo mutoto yeyote, na huku juu Masisi baridi iko kali kuliko kwetu mu pori, unajua mwenyewe, ulikuja mara moja ukatetemeka mpaka ukaomba kukaa na mbuzi.

Kwanza nikuambie ile unayongoja. Furushi iko. Haikufunguliwa. Lakini ilikaribia, na kati ya wale waliokaribia kuifungua, mimi pia niko. Soma polepole, usikasirike mbele ya mwisho.

Watoto wananiomba kila mara niwahadithie, na mimi nahadithia vile ulituhadithia, sibadilishi. Ulikuwa bado kijana wakati waungwana, wale watu wa Waarabu, walijenga kambi yao karibu na mto. Walikuja na bunduki, na nguo nyeupe, na Kiswahili. Walikamata watu. Baba mudogo wako walimupeleka na kamba mu shingo na hakurudi, jambo hili hukulificha hata siku moja. Kati ya wapagazi wao kulikuwa huyu Ramazani. Yeye pia walimukamata akiwa mutoto, huko chini Maniema, wakamupa jina lao na mizigo yao. Mulikuwa munachoma muhogo pamoja. Halafu vita ya Bula Matari, serikali ya Wazungu, na Waarabu ikafika, kambi ikavunjika, na Ramazani akaja mbio mu nyumba ya mama yako na kitu kidogo kama ngumi, imefungwa mu ngozi. Akaiweka mu mikono yako miwili, akasema: "Hii ni amana."

Wewe hukujua lile neno. Ukauliza, amana njo nini?

"Ni kitu yangu inayolala kwako. Usifungue, usiazimishe, usimupe muntu, mpaka nirudi mimi, ao muntu wa damu yangu afike ataje jina la mama yangu." Akakutajia jina. Akaenda. Ukamungoja mpaka meno yakaisha mu kinywa.

Mu pori letu hakuna ngozi inayodumu. Unyevu unaikula, na mende wanamaliza. Muntu mwingine angetoa ngozi mbovu na kuweka nyingine. Wewe ulisema, nikitoa, jicho litaona, na jicho likiona mukono utashika. Basi ukafunga nguo nyingine juu ya ile mbovu. Ikichakaa hiyo, nyingine tena juu yake. Gome ya muti iliyopigwa, kipande cha hema, chochote kilichokuwa mu nyumba. Kwa hiyo furushi ikakuwa. Ngumi ikakuwa kama kichwa, kichwa ikakuwa kama mutoto wa miezi mitatu. Na watu ku Itebero wakaanza kusema: kitu ya muzee inanenepa. Kuna pembe ndani. Kuna dhahabu. Ulikuwa unacheka tu. Siku moja ulimuambia jirani: "Kweli inanenepa. Inakula nguo."

Unakumbuka siku uliyonipa? Mimi ninakumbuka mpaka harufu ya nyumba. Tomasi alikuwa amenyoosha mikono, yeye njo mwanamume, yeye njo mukubwa. Ukampita. Ukaniwekea mimi mu mikono miwili, na mimi nikasema, Papa, hapana, mimi naogopa. Ukasema: "Njo sababu nakupa wewe. Amana chakula yake ni woga." Ukamugeukia Tomasi: "Dada yako anaamuka kuangalia kama mulango umefungwa. Wewe, Tomasi, unalala kama gogo." Watu wote wakacheka. Tomasi hakucheka.

Nilikuja nayo huku mu kitunga, mu mugongo, siku zile zote za kutembea, kupanda na kushuka. Kila kijito nilifikiri nitaanguka. Kufika kwangu, bwana yangu Andrea akauliza: "Umeleta nini?" Nikamuambia, ni amana ya Papa. Akasema: "Basi tuiweke juu." Neno lingine hakusema. Papa, ulininung'unikia juu ya huyu mwanamume, ukasema watu wa milima wanapenda maharage kuliko watu. Uondoe ile neno. Alijenga uchaga mupya juu ya moto kwa ajili ya mzigo ambao si wake.

Sasa nikuambie vile vimebadilika. Watu wa hapa nao wakaiona. Mama mumoja jirani alikuja kuomba moto, akatazama juu, akasema: "Mama Polo, unakausha nini pale, mutoto?" Neno likatembea. Siku ya tatu katekista akafika. Nilimupa sombe na bugali, akala vizuri, akapangusa mikono, akanyoosha kidole juu.

"Ile ni fetishi, kitu ya mizimu?"

"Hapana. Ni amana."

"Neno hilo ni la Waisilamu. Mukristo hana kazi nalo. Utoe ile kitu mu nyumba ya muntu aliyebatizwa."

Papa, unanijua, muntu wa misioni akikohoa tu ninafikiri nimefanya zambi. Nikatoa sahani, lakini moyo haukukaa. Usiku mimi silali, hiyo si mupya, ila mchana nilikuwa ninalima na lile neno linanizunguka. Nikasema, kama neno ni mubaya nilijue, na kama ni muzuri nilijue pia. Ku soko ya Mweso iko fundi wa kushona, mungwana, anatoka upande wa Kasongo, ni muzee na kofia nyeupe. Nilimungoja mpaka watu wakapungua ku mashini yake, nikamuuliza: muzee, amana njo nini, inatoka wapi?

Aliacha kukanyaga mashini. Akaniangalia kama vile nimemuuliza habari ya mama yake. Akasema neno ni ya Waarabu, wao njo walikuja nalo mpaka ku pwani, na kutoka pwani likapanda na misafara mpaka kwetu. Akasema mu kitabu yao mizizi yake ni usalama, moyo unaokaa bila wasiwasi. Na kutoka tumbo moja na amana, akasema, wametoka wengine: amini, na imani, na amani. "Hata amina yenu ya kanisa," akasema, "mwalimu wangu alisema hiyo ilipita kwa Wayahudi, lakini ni ndugu, ni mutoto wa baba mudogo." Akaniambia alifanya kazi ku Stanleyville akajuana na wafanyabiashara Wahausa, watu wa mbali sana, magharibi, na wao pia wanasema amana, na kwao ni hata urafiki wa watu wanaoaminiana. Na Muhindi mumoja wa duka ku Costermansville anasema amanat, kama vile ameongeza mukia. "Neno limetembea kuliko mimi na wewe, Mama," akasema. "Na kila mahali limebaki na kazi ileile. Kitu ya mwenzako."

Nilimushukuru. Lakini nilirudi nyumbani na hasira kidogo, Papa, hasira ya kwako. Moyo bila wasiwasi? Wewe uliniambia chakula yake ni woga. Nikafikiri ulinidanganya, ao fundi amenidanganya. Nilitembea nikibishana na nyinyi wawili mpaka kufika ku mulima wetu. Pale juu njo nikaelewa. Ule moyo bila wasiwasi si wa mwenye kuchunga amana. Ni wa Ramazani. Aliweza kukimbia vita akitazama mbele kwa sababu wewe ulibaki unatazama nyuma. Wasiwasi yake haikufa, ilihama tu, ikaja kulala kwetu.

Siku ya Mungu, nyuma ya misa, nikamufuata katekista. Nikamuambia mbele ya wamama: mwalimu, lile neno ni ndugu na imani, na amani, na amina. Ukinikataza hili, unionyeshe na wale wengine nitawaacha siku gani. Akasema: "Mama Polo, uko na maneno mingi." Nikamuambia, hapana, nilikuja na moja tu. Wamama walicheka nyuma ya mikono. Mimi nilikuwa natetemeka, lakini chini ya kikwembe, hawakuona. Mupaka leo hajarudi kusema toa.

Sasa inafika ile ya aibu.

Anjelina, mutoto wangu wa mwisho, ule uliyemuita mama yako, alishikwa na kifua. Andrea alikuwa mbali ku kazi ya barabara. Mvua siku tatu. Mutoto anavuta pumzi kama vile anavuta kamba mu maji. Na mimi, Papa, akili yangu ilitoka. Nilikumbuka maneno ya Tomasi ku matanga yako: waungwana walikuwa na dawa kali, ya maandishi, labda ile furushi ni dawa. Labda. Nilipanda juu ya kiti, nikaishusha, nikachukua kisu ya muhogo.

Nilikata ya kwanza. Ilikuwa kipande cha hema, ile uliyofunga mwisho, na fundo yako ninaijua.

Nilikata ya pili. Ilikuwa shati ya kaki.

Nikaweka kisu ku ya tatu, na nikaona maua. Maua mekundu, madogo, yamekuwa kama rangi ya moshi. Papa. Kikwembe ya mama. Ile aliyovaa akinibeba ku kisima, ile tuliyokuuliza alipokufa, na wewe ukasema ilikwenda naye mu udongo. Haikwenda. Uliitoa. Nguo nzuri pekee iliyokuwa mu nyumba, ya mukeo aliyekufa, ulimufunika nayo Ramazani.

Nilikaa chini. Harufu ilikuwa moshi tu, lakini niliweka uso pale hivyohivyo. Na kisu ikaanguka mu majivu. Nilisema, kama Papa alitoa hii ili asione ndani, mimi nitapita katikati ya mama yangu kwa kisu ya muhogo? Nikafunga tena. Nikamubeba Anjelina mu mugongo, nikamufunika na majani ya ndizi, nikaingia mu mvua na matope mpaka ku dispansere. Nilianguka mara mbili, mara zote kwa magoti, yeye hakugusa chini. Walimupiga sindano. Leo hii anakimbiza kuku, na ninamukataza kukimbia sababu atatoka jasho.

Kama ningebaki pale kuendelea kukata, ningekuwa nimechelewa. Hii njo ninayowaza kila siku. Nilikata mbili, Papa. Hii njo makosa yangu, sasa umeisikia kutoka kwangu mwenyewe.

Halafu Tomasi alikuja. Kiangazi, mchana kweupe, na panga ya kukatia mikungu mu mukono, ametembea kutoka kwetu upande wa Walikale mpaka huku, hata maji hakuomba kwanza. Andrea alikuwa ku shamba, mimi na watoto mu kiwanja.

"Dada Veronika, leo tunafungua."

"Karibu, kaka. Watoto, mumusalimie mujomba."

"Usinipe salamu za kunizungusha. Wale watu walimufunga baba mudogo ya Papa kamba mu shingo. Walichoma nyumba. Na sisi tunawachungia mizigo mpaka wajukuu? Huyo Ramazani amekufa. Neno lake limekufa naye."

Papa, hii si maneno ya bule. Nilikuwa nimeyawaza mimi pia, hata kabla yake. Na nilimuambia vile nilivyowaza. Nilimuambia: kaka, ni kweli, walileta hili neno na bunduki pembeni. Walikuwa nalo mu kitabu, lakini kama wangelichunga, baba mudogo ya Papa angekufa mu nyumba yake, muzee. Walilibeba mpaka hapa kama muntu anayebeba mbegu asiyoipanda. Nani alilipanda? Papa. Na mwenye kuliacha kwake hakuwa mwenye bunduki, alikuwa muntu wa kamba kama baba mudogo. Leo hii lile neno ni la nani? Si la wenye kambi. Ni letu, tulilifanyia kazi. Ukitaka kuwalipizia waungwana, kaka, wewe chunga kuliko wao.

Akasema: "Unaongea kama sauti ya Papa. Shusha ile kitu."

Nikaishusha. Ndiyo, Papa, mimi mwenyewe. Nilitandika mukeka mbele ya watoto wangu wote, nikaiweka katikati, nikamuambia: kata. Lakini nikutajie utakayokata, usiseme hukujua. Ya kwanza ni hema ya Papa, imekwisha kukatwa, nilikata mimi, na aibu yake ninakula kila siku. Ya pili ni shati ya kaki, iko na kifungo kimoja tu cha mufupa...

"Kifungo cha mufupa?"

Akainama. Akafunua ukingo.

"Hii ni shati yangu. Hii njo shati niliyotoka nayo ku mugodi wa kasiterite. Papa aliniambia panya wamekula."

Polo, mutoto asiye na heshima, akasema pale: "Panya alikuwa babu."

Tomasi alicheka. Alitaka kujizuia, akashindwa, akakaa chini kabisa, panga pembeni, machozi yanatoka. Alisema shati ile aliitafuta msimu muzima, alimupiga hata mbwa wa jirani. Watoto wakacheka naye. Na akiwa bado anacheka nikamufunulia ukingo wa ya tatu, kidogo, ile ya maua mekundu.

Hakuniuliza ni nini. Aliweka kidole pale. Mukono wake mukubwa, kidole kimoja tu, kama vile anagusa jicho la mutoto aliyelala.

Hakuomba musamaha, Papa, usingoje hiyo. Aliomba kasiksi, pombe ya ndizi. Akanywa, akala, akalala siku mbili kama gogo, vile ulivyosema. Wakati wa kwenda akasimama ku mulango: "Usifikiri nimekubali." Nikamuambia, sifikiri. Panga yake aliisahau. Sasa ninakatia nayo mikungu, ni kali, unaweza kumuambia aksanti.

Basi wao waseme. Kijiji iseme inanenepa, katekista aseme fetishi, Tomasi aseme Ramazani amekufa. Labda amekufa. Labda ndani ni kokwa, ao jino, ao jiwe ya njiani. Mimi sitaki tena kujua. Ndani ni kitu ya Ramazani, nje ni sisi wote, na muntu anayetaka kufika kwake atapita kwetu kwanza. Nilikuwa na woga siku uliyonipa na niko nayo leo. Sijaiacha hata siku moja. Ninasimama nayo.

Ile hema niliyoikata haishiki tena. Leo nimetoa blanketi ya pili mu sanduku. Ile yako. Nitafunga nayo, upande wa nje, na barua hii nitaiweka kati ya blanketi na hema, mahali fundo yako ilikuwa. Kwa hiyo ile blanketi umeipata, Papa, hata kama kwa njia ya kuzunguka. Ukiwa na baridi, ujue imefungwa vizuri, iko juu ya moto.

Ninakuahidi hivi. Muntu wa damu yake akifika akataja lile jina, jina siliandiki hapa, unalijua, nitamupa ku mikono miwili na nitageuza uso wakati anafungua. Asipofika mu siku zangu, itakwenda kwa Anjelina. Nimeisha kumufundisha jina. Mutoto huyu jana aliamuka mara tatu kuangalia kama mulango umefungwa. Andrea alisema, maskini, ametoka kama mama yake. Nikasema, ndiyo. Ametoka vizuri.

Lala, Papa. Mimi niko macho.

Veronika wako